Kwenda Zanzibar na familia kumkumbuka marehemu, ukitokea Mbeya au Iringa: jinsi ya kujipanga

Wandugu habari za leo. Toka sisi watoto, baba na wajukuu tulivyoenda Unguja kumkumbuka mama nimekuwa naulizwa maswali yale yale, mlipitaje, mlichangaje, wazee walisemaje, mbona hamkufanya misa tu nyumbani mkala wali mkamaliza. Misa tuliifanya pia. Ila mama alikuwa mtu wa viazi pale Uyole na miaka yote alisema akimaliza kutusomesha ataenda kuiona bahari, akamaliza kusomesha, presha ikamuwahi. Kwahiyo tulienda sisi. Naandika hapa hatua kwa hatua kwa yeyote wa huku kwetu nyanda za juu anayefikiria kitu kama hicho, na nitasema na maoni yangu humo humo.

Hatua ya 1: malizeni kwanza ya msiba

Hili ndio wengi wanaruka alafu safari inageuka ugomvi. Kama kaburi halijajengewa, kama kuna deni la jeneza au la hospitali, kama arobaini au kumaliza tanga bado, usianzishe habari ya Zanzibar, maana kuna bamdogo mmoja lazima atasema mama yenu kalala kwenye udongo mtupu nyie mnaenda kula bata, na kusema ukweli atakuwa na hoja. Jengeeni kaburi kwanza, hata kama ni saruji ya kawaida bila marumaru, wekeni msalaba au jiwe lenye jina, ndio muanze kuongea mengine. Sisi tuliachia mwaka upite kabisa na naona ni muda mzuri, watu wanakuwa wameacha kulia kila wakitajiwa jina.

Pia rambirambi msiziguse. Hela iliyochangwa kwa ajili ya mazishi ikibaki ina mambo yake, ada ya mdogo wa mwisho, dawa za mzee aliyebaki, ikionekana imenunua tiketi za boti hamtasahauliwa kwenye ukoo.

Hatua ya 2: muombe ruhusa mwenye msiba

Kama ni mama amefariki na baba yupo, anayeanza kuambiwa ni baba, sio grupu la wasap. Mtume mtu mmoja, ikiwezekana dada mkubwa maana mabinti wanasikilizwa zaidi kwenye mambo haya, akae naye jioni amwambie taratibu, baba tumefikiria hivi, wewe unaonaje. Mzee akisema hapana muache wiki kadhaa mrudi tena. Akisema nendeni nyie mimi nabaki na ng'ombe, hapo usikubali haraka, mara nyingi anaogopa gharama au anaogopa boti na hataki kusema. Baada ya baba ndio mnawapigia shangazi na mjomba, hata kama hawaendi, kuwapa taarifa tu kwa heshima.

Alafu amueni nani anaenda. Ushauri wangu: wenza, watoto, wajukuu, na mtu mmoja wa upande wa marehemu, dada yake au kaka yake. Ukifungua zaidi ya hapo utajikuta unakodi basi zima.

Hatua ya 3: hela

Chagueni mweka hazina ambaye sio mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza ndio kila mtu anamuogopa, hakuna atakayemuuliza hela imefika wapi. Fungueni akaunti ya kikundi kwenye simu ambayo hela haitoki mpaka wengine wathibitishe, M-Koba ya Voda inafanya hivyo, au kama mna kikoba cha familia tumieni hicho hicho.

Msichange sawa kwa sawa. Mwenye duka Mwanjelwa na mwalimu wa shule ya msingi kule Makete hawawezi kutoa kiasi kimoja, lazima mmoja ataona aibu na atatafuta sababu ya kutokuja. Sisi tuligawa vitu badala ya hela: mmoja alibeba nauli za watoto, mwingine boti, mwingine nyumba, asiye na kitu alibeba chakula cha njiani na kazi ya kuwaangalia watoto, na hiyo kazi ndio ngumu kuliko zote nawaambia. Kwenye bajeti wekeni na fungu la dharura lisiloguswa, maana ukiwa na wazee na watoto kitu lazima kitokee, dawa, hoteli ya ghafla Dar kwasababu boti imeahirishwa, yani chochote.

Hatua ya 4: mwezi gani

Watoto wanafunga shule Juni na Desemba, kwahiyo mna machaguo mawili. Desemba Zanzibar kuna joto kali na karibu na Krismasi na mwaka mpya nyumba zinapanda bei vibaya, alafu Januari ada inawasubiri. Juni kuelekea Julai kwetu huku ni baridi ya kung'ata meno, Njombe na Makete umande unaganda, na Unguja wakati huo hali ya hewa ni nzuri, jua lipo ila upepo wa kusi unapoza. Ubaya wake ni huo huo upepo, kusi linachafua bahari na boti inarusha. Mimi bado nachagua Juni mwishoni, mtu wa Tukuyu ukimpeleka Unguja mwezi wa pili atashinda ndani na feni siku zote. Machi mpaka Mei ni masika, bei zinashuka ila mnaweza kukaa ndani mnaangalia mvua, na mvua tunazo nyumbani.

Angalieni na kalenda ya Ramadhani. Zanzibar mwezi wa Ramadhani huli wala hunywi hadharani mchana, hata mtoto mkubwa utamficha ficha, migahawa mingi inafungwa mpaka jioni. Kama nyie sio Waislamu na mna watoto, sogezeni tarehe.

Sio lazima iwe tarehe aliyofariki. Hiyo tarehe ibaki ya kanisani na makaburini. Sisi tulichukua wiki yenye siku yake ya kuzaliwa na watu walienda na mioyo mepesi zaidi.

Hatua ya 5: kufika Dar

Njia ziko kama nne.

Basi ndio la wengi. Mbeya mpaka Dar ni kama kilomita 830, hesabu masaa 12 mpaka 14 kutegemea malori na mizani, na siku hizi mabasi ya usiku yanaruhusiwa tena toka 2023. Ukiwa na watoto usichukue la usiku hata kama ni rahisi kulala, maana njia hii mchana ni utalii tosha, Makambako, Mafinga na misitu yake, nyanya za Ilula, mteremko wa Kitonga, mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, alafu barabara inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi na mnaona twiga na tembo bila kulipa kiingilio. Kitonga mtoto anayetapika mpe kiti cha mbele na asiwe amekunywa maziwa asubuhi. Basi linaishia stendi ya Magufuli Mbezi Luis na kutoka pale mpaka bandarini ni mbali na foleni ni foleni, kwahiyo usijidanganye kwamba utashuka na kuunganisha boti siku hiyo hiyo. Laleni Dar.

Ya pili ni treni ya TAZARA pale Iyunga. Hii reli ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia miaka ya 70 mwanzoni, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na kile kipande cha kutoka Makambako kushuka Mlimba chenye mahandaki na madaraja watoto hawatakisahau. Daraja la kwanza chumba ni cha watu 4, la pili ni cha watu 6, na wanawake na wanaume wanatenganishwa isipokuwa mkinunua chumba kizima, kwahiyo nunueni chumba kizima. Ila ratiba yake haitabiriki, inachelewa na muda mwingine inasimama kabisa, nenda stesheni uulize mwenyewe kabla hujamwambia mtu, na usiitumie kama tarehe zenu zimebana.

Ya tatu naipenda kwa watu wa Iringa: basi mpaka Morogoro au Dodoma alafu SGR, ile treni ya umeme. Ilianza Dar mpaka Morogoro Juni 2024, daraja la kawaida nauli ilianza na 13,000, na Dodoma ikaunganishwa wiki chache tu baadae mwaka huo huo. Raha yake sio mwendo tu, raha ni kwamba inakushusha katikati ya jiji, stesheni na bandari ya boti ziko karibu, bajaji moja tu. Wazee wetu hawapigwi na foleni ya Kimara. Kata tiketi mapema na mje na vitambulisho.

Ya nne ndege kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya. Kama kuna mgonjwa au bibi wa miaka mingi, mchangieni yeye na mtu wa kumsindikiza wapande ndege, nyie wengine mtangulie na basi mkampokee. Muwe tayari kwa ukungu wa asubuhi, Songwe ndege kuchelewa kwa ukungu sio habari mpya.

Hatua ya 6: boti

Boti za mwendo kasi zinatoka pale karibu na kanisa la Mtakatifu Yosefu, zinatumia kama masaa mawili mpaka Malindi Unguja. Vitu vya kushika:

Kila mtu mzima awe na kitambulisho, NIDA au cha mpiga kura, watoto vyeti vya kuzaliwa au nakala. Passport hatuhitaji, ni nchi moja, ila mizigo inakaguliwa na majina yanaandikwa. Kama mna ndugu aliyechukua uraia wa nje, yeye anaingia kama mgeni na toka Oktoba 2024 wageni wanalipia bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44, aikate mtandaoni kabla ya kusafiri.

Kata tiketi kwenye ofisi ya kampuni yenyewe au mtandaoni. Wale vijana wanaokudaka getini wakibeba begi lako kwa upendo, upendo ule una bei.

Chukueni boti ya asubuhi, bahari inakuwa imetulia zaidi. Anayeogopa kutapika ameze dawa ya kichefuchefu saa moja kabla (aulize duka la dawa, hasa mwenye presha na mjamzito), akae nyuma chini katikati, asikae mbele, na aangalie mbali sio simu. Mifuko ya kutapikia wahudumu wanagawa, usihangaike kuficha mifuko ya plastiki, ilishapigwa marufuku toka Juni 2019. Baba yetu aliyekuwa anaogopa kuliko wote alilala usingizi mpaka Malindi, wanaojidai ndio walimaliza mifuko.

Hatua ya 7: mkae wapi

Usiku wa kwanza Mji Mkongwe, watu wapumzike, jioni mteremke Forodhani mkale urojo na mishikaki na juisi ya miwa. Ulizeni bei kabla ya kuagiza, na mkiwa wengi mnapatana. Mkisikia bei za dola kwenye nyumba yoyote semeni mnataka bei ya Watanzania, mara nyingi ipo, hawaisemi tu mpaka uiulize.

Baada ya hapo muende ufukweni, na hapa ndio watu wanakosea kwa kufuata picha. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayakimbii sana yakipwa, unaogelea muda wowote, ila kina kinaingia haraka na pamechangamka, miziki, wageni, bei juu. Mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa yanaenda mbali kweli kweli mpaka unaona kina mama wanatembea kwenda kwenye mashamba ya mwani, na mawimbi makubwa yanavunjikia kule mbali kwenye mwamba. Kwa familia ya watu wa milimani ambao nusu hawajui kuogelea mimi nasema Jambiani, watoto wanacheza kwenye maji ya magotini, wazee wanatembea mchangani, jioni kimya. Tafuteni nyumba yenye jiko mpike wenyewe, ukiwa na watu kumi kula mgahawani kila siku ni kujitafutia madeni.

Mkiwa kijijini vaeni vizuri. Nguo ya kuogelea inaishia ufukweni, ukienda dukani jifunge kanga au vaa suruali, na salamu zisikatike, shikamoo ya mtoto wa Mbeya huko inapendwa sana. Msipige watu picha bila kuomba.

Hatua ya 8: siku ya kumkumbuka

Ndio kiini cha safari, na maoni yangu ni haya: iwe siku moja, saa moja, basi. Zikizidi hapo mtakuwa mmehamisha msiba kutoka Mbeya kuupeleka baharini na watoto watakumbuka kwamba Zanzibar ni mahali watu wazima wanalia. Mama alitaka kuiona bahari ili afurahi, hakutaka kuiona ili tulie.

Chagueni siku ya pili au ya tatu, sio ya kwanza watu wamechoka, wala ya mwisho watu wanawaza mabegi. Asubuhi baada ya chai, kabla jua halijawa kali na watoto hawajaingia majini. Angalieni maji yamejaa saa ngapi, muulizeni mvuvi yeyote atawaambia, na mjue mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, mkiweka viti mahali pabaya yanakuja kuwachukua.

Mambo tuliyofanya: sala fupi aliyoongoza baba, kila mtu akasema kitu kimoja alichofundishwa na mama (wajukuu waanze, watu wazima wakianza hawamalizi), wimbo wa kanisani aliokuwa anaupenda, na maua kidogo majini. Maua yawe maua tu, toeni waya, riboni na plastiki, bahari ya watu ile. Kama ninyi ni Wakatoliki mnaweza kuomba nia ya misa pale kanisa la Mtakatifu Yosefu Mji Mkongwe, na Waanglikana wapo Mkunazini, kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, pale nendeni hata kama sio wa dhehebu hilo, watoto wakubwa waelezwe. Waislamu ndio hata hamhitaji ushauri wangu, kisomo mtaandaliwa na wenyeji vizuri kabisa.

Fulana zenye picha ya marehemu sizishauri. Zinapendeza siku moja, mwaka unaofuata unaikuta sura ya mama yako inadekia sebule. Sisi tulichukua kitenge chake kimoja tukakata vipande, wanawake wakafunga kichwani, wanaume mkononi, baba akabaki na kipande kikubwa.

Mchana pikeni chakula chake. Ndizi na nyama kwa mtindo wa Rungwe inawezekana kabisa, Darajani sokoni mnapata kila kitu. Majirani wa nyumba tuliyopanga walipelekewa sahani, jioni wakarudisha ikiwa na maandazi na samaki, na hapo ndio baba alianza kucheka.

Baada ya chakula hicho, ruhusa ya kucheza itolewe na mkubwa kwa mdomo wake. Hii msiipuuze, kuna watu wanasubiri kuambiwa kwamba sasa inaruhusiwa kufurahi.

Siku zilizobaki mnachagua, kisiwa cha Changuu kuwaona makobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli, msitu wa Jozani kwa kima punju, shamba la viungo mtoto aone karafuu ikiwa mtini. Msijaze ratiba, wazee wanachoka.

Hatua ya 9: joto, mbu na maji

Watu wa Njombe, Makete na Mufindi hatujazoea malaria kama watu wa pwani, tunaumwa vibaya tukiipata, hasa watoto. Laleni kwenye neti Dar na kote njiani, na mtu akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi apimwe, msiseme ni uchovu wa safari. Mwenye presha dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi lililoko chini ya basi. Maji ya kunywa kila saa.

Baharini mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuangalia tu, bila simu, mnapokezana. Mtoto aliyezoea ziwa Nyasa pale Matema anadhani anajua maji, lakini bahari inaondoka na inarudi, ukienda mbali kutafuta kombe wakati yamepwa unaweza kugeuka ukakuta nyuma yako kumeshajaa. Vaeni viatu vya raba majini, kuna vile vidude vyeusi vyenye miba mirefu, ukikanyaga likizo yako imeisha.

Hela ikiwa haitoshi kabisa

Ishieni Dar. Mbudya mnavuka na boti kutoka Kunduchi, Bongoyo kutoka Slipway Masaki, ni visiwa vya hifadhi, mnalipa kiingilio, mnaenda asubuhi mnarudi jioni, samaki wanachomwa pale pale. Ni bahari ile ile na ni kisiwa kweli. Mafia ni nzuri mno pia, papa potwe wanaonekana Oktoba mpaka Machi, ila boti ya Nyamisati na wazee sioni kama vinaendana, nendeni vijana wenyewe siku nyingine.

Hatua ya 10: kurudi

Boti ya mchana, mlale Dar, basi au treni kesho yake. Mweka hazina arushe hesabu kwenye grupu ndani ya wiki moja na picha za risiti, hata kama hakuna aliyeuliza. Waliobaki nyumbani wapelekewe karafuu na mdalasini na picha chache zilizochapishwa, shangazi wengi simu zao hazifungui video. Chenji ikibaki pelekeni kwenye kaburi, palizi na rangi, na yule bamdogo wa mwanzo ndio mumpe kazi ya kusimamia.